Lugha Kubwa, Hesabu za Makarani

Mwishoni mwa mwaka 2003 bunge la India lilipitisha mabadiliko ya katiba ambayo, pamoja na mengine, yaliipunguzia lugha ya Kihindi watu wapatao milioni 12. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama, wala hakuna mtoto aliyeamka akizungumza tofauti na alivyolala. Kilichotokea ni kwamba Kimaithili, kinachozungumzwa kaskazini mwa jimbo la Bihar, kiliingizwa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba. Katika sensa ya 1991 wasemaji wake walikuwa wamejumlishwa ndani ya Kihindi. Matokeo ya sensa ya 2001 yalipotoka, wakawa wanasimama peke yao.

Majirani zao wa Kibhojpuri wangali ndani. Sensa ya India ya 2011 ilitangaza kwamba Kihindi kina wasemaji wa kuzaliwa milioni 528, yaani asilimia 43.6 ya wananchi wote. Ukilifunua jedwali lenyewe unakuta kwamba waliotamka kwa vinywa vyao kuwa lugha yao ni Kihindi ni milioni 322 tu. Waliobaki, zaidi ya watu milioni 200, walimtajia karani jina jingine: Kibhojpuri milioni 50, Kirajasthani karibu milioni 26, Kichhattisgarhi milioni 16, Kimagahi milioni 12 na ushei, na mengine chungu nzima. Makarani wa sensa hiyo walirudi kutoka vijijini na mijini na majina 19,569 ya lugha za mama. Ofisini yakachujwa, yakaunganishwa, yakapangwa upya, hadi zikabaki lugha 121.

Hesabu za namna hii ndizo zinazozaa ile orodha maarufu ya lugha zenye wasemaji wengi wa kuzaliwa duniani, ambayo husomwa kama msimamo wa ligi ya mpira. Juu kabisa kipo Kichina cha Mandarini chenye watu zaidi ya milioni 900. Kinafuata Kihispania chenye watu karibu milioni 500, kisha Kiingereza kinachokaribia milioni 400, halafu Kihindi, Kireno, Kibengali, Kirusi, Kijapani na Kipunjabi, vikipishana kidogo kulingana na nani kahesabu na mwaka gani. Kiswahili hakimo katika kumi bora. Hakimo hata katika hamsini bora.

Basi kila ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, mabishano yale yale hurudi. Wenye kujivuna hutaja watu milioni 200, namba ambayo UNESCO yenyewe huitumia, na hutamka kana kwamba wote hao walinyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Wenye kubeza hujibu kwamba hao ni wa kujifunza tu, wenyewe hasa ni wachache wa mwambao na visiwani, na lugha isiyo na wenyewe wengi haiwezi kubebeshwa sheria, udaktari na uhandisi. Pande zote mbili zimeshika kipimo kimoja, nacho ni kibovu. Idadi ya watu waliozaliwa na lugha huonyesha zaidi jinsi dola zilivyoamua kuzigawa na kuziunganisha lugha, na haionyeshi lugha inafanya kazi gani. Kiswahili kilikua kwa njia nyingine kabisa, na hakuna sababu ya kukionea haya kwa hilo.

Aghalabu namba zinazozunguka duniani hutoka katika kitabu kimoja, Ethnologue, kinachotolewa na shirika la SIL lenye makao yake Dallas, Marekani. SIL ni shirika la Kikristo, na toleo la kwanza la mwaka 1951 lilikuwa kurasa kumi tu zilizoorodhesha lugha 46. Shabaha ilikuwa kujua ni watu gani bado hawana Biblia katika lugha yao. Ni kazi ya heshima, na imesaidia wanaisimu wengi, lakini swali lililoizaa linaeleza mengi kuhusu inavyogawa. Anayetaka kutafsiri kitabu huangalia kama msomaji wa kijiji hiki atakielewa kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya kijiji kile. Asipokielewa, hizo ni lugha mbili. Serikali ya India inauliza jingine kabisa. Ndiyo maana lugha ile ile inaweza kuwa jitu kubwa katika daftari moja na kukatwa vipande ishirini katika daftari la pili.

Kiarabu ndicho mfano ulio wazi kuliko yote. Ukikihesabu kama lugha moja, kina watu zaidi ya milioni 300 na kinaingia katika tano au sita bora. Ukikigawa kama Ethnologue inavyofanya, unapata Kiarabu cha Misri, cha Algeria, cha Sudan, cha Oman na vingine, karibu thelathini, na kikubwa kuliko vyote, cha Misri, huporomoka kwenye ukingo wa kumi bora au nje yake. Zaidi ya hapo, Kiarabu sanifu, kile kilichoingizwa kuwa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 1973, hakina mtoto hata mmoja anayezaliwa nacho. Mtoto wa Cairo na mtoto wa Casablanca wote hukipata shuleni, katika habari za redio na mimbarini. Msomaji wa Lamu au Unguja aliyepitia chuoni hatashangaa, kwa sababu amekulia kando ya lugha tukufu ambayo watu huisoma bila kuiongea nyumbani. Na kuna Kimalta, ambacho kwa mizizi yake ni Kiarabu kitupu. Wasemaji wake ni Wakatoliki, wanaandika kwa herufi za Kirumi, wana nchi yao, na tangu 2004 lugha yao ni rasmi katika Umoja wa Ulaya. Hakuna anayethubutu kuwahesabu pamoja na Waarabu.

China nayo ina historia ambayo wengi wanaoitazama orodha hawaijui. Mwaka 1913 wajumbe wa mikoa walikutana Beijing kupiga kura kuhusu matamshi ya lugha ya taifa, kila mkoa kura moja. Wakatoka na mseto wa kaskazini na kusini ambao hakukuwa na mji hata mmoja uliokuwa ukiuzungumza. Mapema katika miaka ya 1920 mwanaisimu Zhao Yuanren, akiwa Marekani, alirekodi sahani za santuri za kufundishia matamshi hayo. Miaka mingi baadaye alikuwa akitania kwamba kwa zaidi ya mwongo mzima yeye ndiye aliyekuwa mzungumzaji pekee wa lugha iliyokusudiwa mamia ya mamilioni ya watu. Mseto ule ulishindwa. Kufikia mwaka 1932 matamshi ya Beijing yalikuwa yameshika nafasi yake, na baada ya mapinduzi ya Kikomunisti serikali mpya iliagiza mwaka 1956 kwamba lugha hiyo, sasa ikiitwa Putonghua, ifundishwe nchi nzima.

Je, wale milioni 900 na kitu ni akina nani? Ni watu wa Beijing, na watu wa Chengdu, na wa Xi'an, na wa Kunming, pamoja na vijiji vyote katikati, ambao lahaja zao ziliwekwa katika kundi moja la Mandarini. Mkulima wa Sichuan akizungumza na mwenzake kwa kasi ya kawaida, mtu wa Beijing huachwa akikodoa macho. Serikali ya China yenyewe inajua hivyo. Utafiti uliofanyika kuelekea mwaka 2000 ulionyesha kuwa watu walioweza kuzungumza Putonghua walikuwa asilimia 53 tu ya wananchi. Mwaka 2020 ikatangaza kwamba wamefika asilimia 80. Yaani lugha iliyo ya kwanza duniani kwa wenyeji ilibidi ifundishwe shuleni kwa karibu nusu ya nchi yake. Na si wote waliopokea somo hilo kwa furaha: mwaka 2010 watu wa Guangzhou waliingia mitaani kulipinga pendekezo la kutaka televisheni ya jiji lao iache Kikantoni.

Wenye kubeza Kiswahili wangepaswa kukisoma kisa cha China mara mbili kabla ya kusema lugha ya kufundishwa si lugha kamili.

Kuna somo la pili, nalo ni kwamba wingi wa watu haununui madaraka. Kipunjabi kina wasemaji zaidi ya milioni 100, wengi wao wakiwa Pakistan. Katika sensa ya Pakistan ya 2017 walikuwa karibu asilimia 39 ya watu wote, kundi kubwa kuliko jingine lolote. Kiurdu, lugha ya taifa, kilikuwa lugha ya mama ya asilimia 7 tu. Hata hivyo mtoto wa Lahore anaingia darasani akakuta ubao umeandikwa Kiurdu na Kiingereza, na Kipunjabi kinabaki cha nyimbo, utani na sokoni. Katika orodha ya dunia Kipunjabi kinakipita Kifaransa kwa wenyeji. Kifaransa ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kihindi, Kibengali na Kireno navyo vinakipita kwa mbali, na hakuna hata kimoja kilicho katika zile sita.

Wabengali walijaribu kuitumia namba yao. Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947, zaidi ya nusu ya raia wake walikuwa wakizungumza Kibengali, karibu wote upande wa mashariki. Tarehe 21 Machi 1948 kiongozi wa nchi hiyo, Muhammad Ali Jinnah, alisimama mbele ya umati Dhaka na kutangaza kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Alitangaza kwa Kiingereza, naye mwenyewe alitoka katika ukoo wa Kigujarati. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Dhaka waliodai lugha yao, na baadhi yao wakafa. Katiba ya 1956 ilikubali lugha zote mbili, lakini jeraha lilikwisha kuchimbika, na mwaka 1971 Pakistan Mashariki ikawa Bangladesh. UNESCO ilipochagua Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, mwaka 1999, ilichukua tarehe hiyo hiyo ya Februari 21. Watu wa Dhaka walikuwa na wingi tangu siku ya kwanza. Wingi haukuwasaidia kitu hadi walipoulipia kwa damu.

Sasa tuvuke bahari kwenda Indonesia, kwa sababu huko ndiko kwenye ndugu wa kweli wa Kiswahili. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa harakati za uhuru walikutana Batavia, ambayo leo ni Jakarta, wakala kiapo cha nchi moja, taifa moja, na lugha moja ya umoja. Kijava kilikuwa lugha ya mama ya zaidi ya asilimia 40 ya watu wa visiwa hivyo, chenye maandiko ya karne nyingi na adabu za kasri. Vijana hawakukichagua. Walichagua Kimalei, lugha ya bandari na ya wafanyabiashara, ambayo wenyeji wake hukadiriwa kuwa walikuwa kiasi cha asilimia 5. Kijava kilikuwa na ngazi za heshima zinazomlazimu msemaji kujua kwanza nani mkubwa na nani mdogo kabla ya kufungua mdomo. Kimalei kilikuwa chepesi, kilijulikana kila bandari, na hakikuwa cha kabila lililoogopwa na wengine.

Msomaji wa Tanzania ameshaitambua hadithi hii. Kama Tanganyika ingechagua kwa kuhesabu wenyeji, leo bunge la Dodoma lingekuwa likijadili bajeti kwa Kisukuma. Kiswahili kilikuja na misafara ya pembe, kikaingia katika maboma ya Wajerumani na shule zao, kikabebwa na chama cha TANU kutoka mkutano hadi mkutano. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alilihutubia bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, nchi ilipokuwa jamhuri. Mwaka uliofuata akachapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Kiswahili kilikubalika kwa sababu wenyewe wa asili walikuwa wachache mno kuweza kumtawala mtu.

Wanaosema lugha ni ya waliozaliwa nayo wana kazi nyingine ngumu: waeleze fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga kwa wazazi wenye asili ya Kiyao. Euphrase Kezilahabi, aliyeitikisa riwaya kwa Rosa Mistika mwaka 1971, alitoka kisiwa cha Ukerewe, ambako watoto hulelewa kwa Kikerewe. Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ya 1996 imesomwa na kizazi kizima cha Wakenya, alitoka magharibi mwa Kenya, mamia ya kilomita kutoka kwenye mnazi wa kwanza. Kwa upande wa pili yupo Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza bila mjadala. Alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Hakuna kosa lolote katika hilo. Mwandishi huandika kwa lugha aliyosomea ufundi wake. Lakini ukimtafuta mwenye lugha kwa cheti cha kuzaliwa, ndipo unapofika.

Na hata ukitaka kuwahesabu hao wa kuzaliwa, utaanzia wapi? Makadirio yaliyochapishwa kwa miaka mingi yanatoka milioni 2 hadi milioni 15, tofauti ya mara saba na zaidi. Sababu zake zinajulikana. Sensa ya Kenya huuliza kabila. Mwaka 2019, katika nchi ya watu milioni 47 na nusu, waliojiandikisha kuwa Waswahili hawakufika laki moja. Kijana wa Eastlands, Nairobi, ambaye baba yake ni Mjaluo na mama yake Mkikuyu, na ambaye tangu atambae nyumba nzima imekuwa ikizungumza Kiswahili na Sheng, aliandikwa Mjaluo. Kijaluo chenyewe huenda anajua salamu tu. Tanzania nayo iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967, kwa nia njema ya kujenga taifa, na swali la lugha ya nyumbani halikuchukua nafasi yake. Kwa hiyo nchi inayojiita kitovu cha Kiswahili haina namba ya uhakika ya watoto wanaozaliwa nacho.

Nje ya hapo mambo yanazidi kutatiza. Mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, ulianzishwa mwaka 1910, migodi ya shaba ikavuta wafanyakazi kutoka kila upande, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zao. Leo kuna wajukuu na vitukuu wa wachimbaji hao ambao hawana lugha nyingine ya nyumbani. Kiswahili chao kingemchekesha mwalimu wa Tanga, naye angewachekesha wao. Mfumo wa kimataifa wa alama za lugha umewapa herufi zao tatu, tofauti na za Kiswahili cha pwani, na hivyo wanahesabiwa pembeni. Watu wa Komoro wametengwa kabisa, ingawa Mswahili akikaa Moroni muda mfupi tu huanza kuyadaka mazungumzo. Halafu kuna Muscat, Oman. Familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na nyingi zaidi zilizoitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya 1970, zimekuwa zikizungumza Kiswahili barazani kwa nusu karne, huku kwenye karatasi za serikali zikiwa za Kiarabu. Chagua jibu lolote kuhusu makundi haya matatu, na idadi ya wenyeji wa Kiswahili inaruka au kushuka kwa mamilioni.

Lipo jambo ambalo wenye kujivuna hawapendi kulisikia. Lugha haiongezi watoto wa kuzaliwa bila lugha nyingine kupungukiwa. Kireno kimepanda katika orodha hadi kuwa na wenyeji zaidi ya milioni 230, wakati Ureno yenyewe ina watu milioni 10. Wengi wako Brazil, na huko kilitawala kwa amri. Mwaka 1757 serikali ya Marquês de Pombal ilitoa kanuni za kuwalazimisha Wahindi Wekundu wa Amazon kutumia Kireno na kuiacha língua geral, lugha iliyotokana na Kitupi ambayo wamisionari, wafanyabiashara na hata Wareno wenyewe walikuwa wakiitumia. Afrika mkondo huo unaendelea bila amri ya mtu. Msumbiji mwaka 1980 waliokuwa na Kireno kama lugha ya mama walikuwa asilimia 1.2, mwaka 2017 walifika karibu asilimia 17. Sensa ya Angola ya 2014 ilikuta Kireno kikizungumzwa nyumbani na asilimia 71 ya watu, na Kimbundu, lugha ya eneo la Luanda tangu kabla ya Wareno, kikiwa na asilimia 8 hivi.

Lisbon inaweza kushangilia namba hizo. Dar es Salaam ijiulize kwanza. Wazaramo wa mjini wameshaingia katika Kiswahili moja kwa moja, na Wakami na Wakutu wa Morogoro hawako mbali. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha atlasi mwaka 2009 yenye lugha karibu 150, na si kazi kubwa kuona ni zipi ambazo watoto wanaziacha. Mzazi anayemlea mwanawe kwa Kiswahili huko Mwanza au Dodoma ana sababu zake, na hakuna wa kumshika mkono. Mara nyingi yeye na mwenzake hawana lugha nyingine ya pamoja. Ila kulichukua hilo kama bao la ushindi, eti Kiswahili kimepata msemaji mwingine wa kuzaliwa, ni kufurahia Kisukuma au Kigogo kupoteza mtu. Ukubwa wa Kiswahili haukuhitaji mauaji hayo. Kwa miaka zaidi ya mia moja mtu amekuwa Mnyakyusa nyumbani na Mswahili barabarani, na lugha zote mbili zikaishi.

Kipimo kinachofaa ni kazi. Hapo ndipo wenye kubeza na wenye kujivuna wote wangepaswa kuhamishia kelele zao. Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019 jijini Dar es Salaam. Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Rwanda ilikipa hadhi ya kisheria mwaka 2017. Hizi ni karatasi, na karatasi ni mwanzo mzuri. Lakini Tanzania, ambako mtoto husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili katika shule za serikali, bado humgeuzia lugha siku anayoingia kidato cha kwanza. Mwalimu wa fizikia huandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha akageuka na kueleza kwa Kiswahili ili darasa lielewe, na mtihani ukija unakuja kwa ile lugha ya ubaoni. Nchi zinazokitumia Kiswahili zaidi kuliko zote duniani hazijakubali kukiamini na sayansi ya kidato cha tatu. Jambo hilo linakipunguza Kiswahili kuliko nafasi yoyote katika orodha ya Dallas.

Mahakama za Tanzania zimepiga hatua kubwa zaidi kuliko shule. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, baada ya miongo ya mshtakiwa kujieleza kwa Kiswahili na hakimu kuandika kwa Kiingereza. Hapo kuna kitu cha kuhesabu: hukumu ngapi za Mahakama Kuu zimeandikwa kwa Kiswahili mwaka huu, na ngapi mwaka jana. Hesabu vitabu vya kemia. Hesabu maelezo ya dawa yaliyomo ndani ya boksi ambayo mgonjwa wa Kigoma anaweza kuyasoma mwenyewe. Namba hizi hazina mvuto wa zile za mamilioni, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likizitangaza kila Julai 7 badala ya hotuba, viongozi wengi wangekosa raha jukwaani.

Kuhusu kuhesabu watu, ipo njia isiyo na madhara. Pamoja na vituko vyote vya makarani wake, India hufanya jambo moja zuri: humwuliza kila mtu lugha yake ya mama, kisha humwuliza lugha nyingine anazozijua, hadi mbili. Majibu hayo ndiyo yanayomwezesha mtafiti kufungua jedwali na kuona Kibhojpuri kimefichwa wapi. Hofu ya Tanzania kwamba swali la namna hii litafufua ukabila inaeleweka kwa nchi iliyojionea majirani wakichinjana, lakini lugha na kabila ni maswali mawili, na yule kijana wa Eastlands ni ushahidi. Familia moja ya Nyegezi, jijini Mwanza, ingeweza kumpa karani majibu matatu tofauti chini ya paa moja: bibi ataje Kisukuma na Kiswahili, mama ataje Kihaya, Kiswahili na Kiingereza cha kazini, na mtoto wa miaka kumi ataje Kiswahili peke yake. Kenya inatarajiwa kuhesabu watu wake tena mwaka 2029 na Tanzania mwaka 2032, na madodoso ya sensa huanza kuandaliwa miaka kadhaa kabla ya makarani kugonga hodi.